Kunywa Kwanza, Bei Baadaye

Jumanne, 4 Februari 2025

Iwe taarifa kwa dunia nzima, na kwa kuku wa jirani wanaonikodolea macho hapa mlangoni: leo mimi, Walubengo, mchoraji mabango wa Nyalenda, nimepewa kofia. Ya kijani. Mbele imeandikwa AFISA WA UHAMASISHAJI. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyezaliwa, unga haujashuka bei. Lakini kofia ninayo.

Aliyenipa ni Lorine, mwenye lile duka jipya lililokuwa la fundi cherehani. Anauza vyungu, mikeka ya mafunjo na vikapu vya magugu ya ziwa. Biashara ya haki, anaiita. Nilivyoelewa mimi: mama aliyefinyanga ndiye anayetaja bei kwanza. Duka linaongeza ya kodi ya nyumba na usafiri, basi. Hakuna dalali. Na bei ikishabandikwa haishuki.

Nikamuuliza, haishuki hata kidogo? Hata shilingi, Baba, akasema.

Nikamtazama. Msichana mwerevu. Amesoma mpaka chuo kikuu. Amezaliwa Kisumu hii hii. Na bado anaamini kuna mtu wa Kisumu atanunua kitu bila kupunguziwa!

Kazi yangu ni ubao wa nje. Maneno ya kumfanya mtu aingie, anunue. Nimeshaandika mabango ya vinyozi, ya wauza mbao, ya makanisa manne yaliyotoka kwenye kanisa moja. Haki sijawahi kuandika.

Jambo lenyewe si mchezo. Vyungu ni vya Mama Agneta wa Pap Onditi na wenzake. Miaka yote walimuuzia Fabian, dalali mwenye lori, anayewangoja pale Katito. Lorine akawaomba wamjaribu yeye. Wamekubali, lakini mpaka Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Siku hiyo Mama Agneta atakuja mwenyewe, akae kwenye benchi, aone. Mtu wa mjini akinunua chungu kwa bei yao, wanaendelea na Lorine. Asiponunua, moto unaofuata ni wa Fabian. Wanasema "moto" — yaani vyungu vyote vinavyochomwa siku moja.

Kwa hiyo riziki ya kina mama wale iko kwenye ncha ya brashi yangu. Masikini wao.

Jumatano, 5 Februari

Ubao wa kwanza: NUNUA HAKI HAPA. Herufi nyekundu, kivuli cha manjano. Kazi safi, hata kama nasema mwenyewe.

Kufika saa nne nilikuwa nimevuta mteja mmoja. Mzee mwenye fimbo, ana kesi ya shamba. Alitaka kujua wakili anafika saa ngapi. Lorine akampa kiti, akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, atamngoja.

Nimefuta.

Mchana akaja Mama Nelima, jirani yangu, muuza mandazi, Mbukusu mwenzangu. Akainua chungu cha kadiri, akakigonga kwa kidole, akatega sikio kama daktari. Kikalia — ngiiii! Akatabasamu.

"Hii ni ngapi?"

Lorine akamwonyesha kibandiko.

"Hiyo nimeona. Nauliza ya kweli."

"Ndiyo ya kweli, Mama."

"Ya mwisho?"

"Ya kwanza na ya mwisho."

"Haya. Na nyongeza ni nini?"

"Hatuna nyongeza, Mama."

Uso wa Mama Nelima! Kama ameambiwa matanga hayana chakula. Akakirudisha chungu taratibu, akanigeukia kwa lugha ya nyumbani. Aliuliza huyu mtoto wa watu ana shida gani. Nikasema ni haki. Akasema pesa anazo, chungu amekipenda, ila yeye hanunui kitu kwa mtu asiyetaka kuongea naye.

Akatoka. Mimi na kofia yangu tukabaki.

Ijumaa, 7 Februari

Ubao wa pili: UJUE MKONO ULIOTENGENEZA. Jamaa wa bodaboda alisimama, akasoma, akaangalia mkono wake, akaenda zake.

Ubao wa tatu: UKIPUNGUZIWA WEWE, KUNA MTU AMEPUNGUKIWA. Huu niliupenda! Lorine aliupiga picha. Watu waliusoma kwa heshima kubwa. Mmoja alivua kofia. Kisha wakavuka barabara kununua ndoo za plastiki.

Jumanne, 11 Februari

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa Pap Onditi, kwa binamu yake Lorine, mikono inanuka moshi.

Lorine alitaka video ya kuonyesha watu wa mjini. Mimi nikaja kutafuta maneno. Nilidhani nitakaa kivulini, nione matope, nirudi.

Mama Agneta ni mwembamba, mrefu, ana mikono kama ya mtu mwingine mkubwa zaidi. Akaitazama kofia.

"Hii inafanya kazi gani?"

"Inahamasisha, Mama."

"Basi, jamwa, ihamasishie pale. Hapa unaniziba upepo."

Jamwa — ndivyo wanavyomwita asiye Mjaluo. Nimeishi Kisumu kutoka ujanani, bado ni jamwa. Nikasogea.

Halafu akaanza chungu kipya. Mimi ni mtu wa mkono. Najua kuchora mstari ulionyooka bila rula, na kwa hilo najivuna kuliko inavyofaa. Nikaona ninachojua ni mchezo wa watoto. Hana gurudumu. Hana mashine. Chungu hakizunguki — anayezunguka ni yeye! Ameinama, anarudi kinyumenyume, kiganja kimoja ndani, kimoja nje, anakizunguka kile chungu, na udongo unapanda. Unapanda tu, kama umeitwa. Hakuangalia chini hata mara moja. Alikuwa anamwuliza Lorine habari za mama yake.

Udongo wenyewe wanauchanganya na vigae. Chungu kilichovunjika hakitupwi. Kinasagwa, kinaingia ndani ya kipya. Nikauliza kwa nini. Akasema kile kilishauona moto, kinamfundisha mwenzake. Hakusema kwa madaha. Alisema kama mtu anayekuelekeza choo kiko wapi.

Jioni wakachoma. Vyungu walivipanga uwanjani, vikubwa chini, vidogo juu, wakafunika kwa kuni, mavi ya ng'ombe makavu, kisha nyasi juu yake, mlima mzima. Akawasha upande upepo unakotoka. Mwanzo ni moshi tu. Halafu — sijui niseme nini — ule mlima ukavuta pumzi! Moto ukapanda bila kelele. Kina mama waliokuwa wakitaniana tangu asubuhi wakanyamaza wote pamoja. Nikavua kofia. Sikuambiwa na mtu.

Hapo ndipo Lorine akasogea na simu yake, kwa sauti ya upole: Mama, waambie wateja, bei ya haki ya chungu kimoja ni ngapi?

Mama Agneta akaweka kidole midomoni. Wengine wakatazama chini. Nikaona haya kwa niaba ya Lorine. Nikajua mama ameshikwa na aibu ya kamera. Na mimi ni afisa! Nikataja. Kwa sauti. Nambari nzima, na shilingi zake.

Pah!

Ndani ya moto. Sauti kama ya tawi linalokatika. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali.

"Ling'!" akasema mmoja, nyamaza, ingawa nilikuwa nimeshanyamaza.

Mama Agneta akanieleza, macho yake yako kwenye moto. Katika boma lao bei haitajwi mbele ya moto. Chungu kwanza kitoke, kipoe, kinywe maji. Kabla hakijanywa, hakina bei, kwa sababu bado hakijakuwa chungu. Na anayetaja, kile kilichopasuka ni chake.

"Nilipie?"

"Utalipa. Bei si umesema mwenyewe?"

Wakacheka, Mungu awabariki, moto ukarudi kuwa moto tu. Lakini majivu yalipoanguka, vyungu vikaonekana vimesimama mle ndani vyekundu, vina mwanga kama vimemeza jua. Nikasahau aibu yangu. Walivitoa kwa miti mirefu. Kimoja kidogo kikataka kubingirika. Mama Agneta akanyakua kofia yangu mkononi, akakidaka nayo. Akanirudishia. Ukingo umeungua.

Angalau leo imefanya kazi.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi vyungu vimepoa. Akavijaza maji kimoja kimoja, akangoja. Akapitisha kiganja chini ya kila kimoja. Kilichotoa jasho kidogo alikipapasa, akakisifu — maji yatapoa. Kilichodondosha tone alikiweka kando. Hakuna mteja aliyekuwepo, hakuna mkaguzi. Fabian hupakia bila kuangalia. Angeweza kuvipitisha vyote. Alivitenga vitatu, vizuri kwa macho yangu, akaviita vigae.

Akanipa maji ya kikombe kutoka kwa chungu cha zamani cha nyumbani kwake. Nilikuwa sina hata kiu.

Baridi! Si ile baridi ya friji inayouma meno. Baridi ya chini ya ardhi. Na harufu — mvua ya kwanza inapogonga vumbi. Nilikuwa mtoto tena mlangoni kwa bibi yangu, Bungoma. Nikaomba kikombe kingine. Nikaona haya, nikaomba cha tatu.

Ndipo akataja bei, Lorine akaandika. Ilizidi ile niliyoitaja mimi.

"Uliitaja kidogo," Mama Agneta akaniambia. "Ndiyo maana moto ulikasirika."

Nimerudi Nyalenda na chungu changu chenye ufa. Mama Nelima alinikuta nimekipakata. Akauliza nimekinunua ngapi. Nikasema. Akauliza kama ufa ndio nyongeza.

Jumatatu, 17 Februari

Nimebadilisha ubao mara nyingine mbili. Mikeka imetoka. Vikapu vimetoka, wageni wa hoteli. Chungu hakijatoka hata kimoja. Cha mtalii hakiingii kwenye ndege, na mwenyeji anataka kuongea.

Leo kaingia Fabian. Nilitegemea fisi. Mtu mnene, mcheshi, jasho jingi, ananunulia kila mtu soda. Akavigonga vyungu vyote kwa upendo wa kweli. Alimsalimu Lorine "madam". Akasema yeye hamwibii mtu — anabeba. Nani mwingine hubeba? Na lori lake haliendi Katito tupu: linapeleka jerikeni za plastiki, linarudi na vyungu. Kina mama wenyewe ndio wanunuzi.

"Walubengo ndugu yangu," akasema, "andika ubao mpaka rangi iishe. Mtu hanywi ubao."

Akaondoka amenilipia soda. Nimeinywa. Ilikuwa tamu, na hilo limenikera siku nzima.

Alhamisi, 20 Februari

Lorine alifika mbio leo, viatu mkononi. Amelifikiria neno la Fabian usiku kucha. Mtu hanywi ubao — basi tumpe anywe!

Mama Agneta alituma chungu kikubwa wiki jana, kile wanachoita dak, kikubwa kama ndama aliyelala. Tukijaze. Tukiweke mlangoni. Kila apitaye anywe bure, atie mdomoni, aelewe. Haki itaingia na maji.

Nikaingia nyuma kuchukua rangi. Sijawahi kuandika kitu kwa haraka hivyo. Bluu, herufi nyeupe:

KUNYWA KWANZA. BEI BAADAYE.

Lorine akasoma, akanitazama. Alikumbuka moto. Najua ubao mzuri ninapouona, na huu sikuuandika mimi peke yangu.

Ijumaa, 21 Februari

Tumejaza dak tangu mchana, ndoo baada ya ndoo, kutoka mfereji wa nyuma ya duka. Mfuniko juu. Vikombe safi. Sehemu za chini zimeanza jasho jembamba, zinang'aa. Nimepapasa kwa kiganja kama nilivyoona. Hakuna tone!

Nitalala hapa hapa kukilinda. Nimemwambia Lorine ni kwa ajili ya wezi. Ukweli ni kwamba napenda kukaa nacho.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika nyuma ya kaunta, haraka haraka. Kofia kichwani.

Nilifungua mlango alfajiri nipate hewa, na tayari wako watu! Wanne. Kabla sijatoa ubao wamekuwa foleni. Nimeutoa, wakaupisha. Hawakuusoma hata. Inaonekana umeshasifika. Labda redio. Sijawahi kusemwa redioni.

Mama Agneta ameshuka gari la kwanza kutoka Katito, nguo ya kanisani, mkoba mapajani. Amekaa kwenye benchi kama hakimu. Anatazama.

Foleni imepita kinyozi. Imepita jamaa wa kuchomelea vyuma. Imekunja kona! Kwa ajili ya chungu! Mimi niliyewacheka wote wawili, Lorine na haki yake, nimesimama hapa nahesabu vichwa. Mtu anapewa kikombe, anakunywa, anafumba macho. "Pi ng'ich!" — maji baridi! Bwana mmoja mwenye tai alikunywa, akasimama tu, akasema haya ni maji ya nyanya yake. Nyuma wakamwambia amsalimie nyanya akiwa anatembea.

Heshima yao inanishangaza. Wengine wamekuja na vikombe vyao, wasituchoshe. Mmoja ana chupa. Mama mmoja ana sufuria, nadhani anatoka sokoni.

Lorine anahutubia huku akichota. Mkono uliofinyanga, bei inayotajwa na mwenye kazi, ukinunua hapa umemlipa nani. Jana angesema hayo, wangemkimbia. Leo hakuna anayeondoka! Wanaitikia. "Endelea, dada," anasema mmoja, "lakini mkono usisimame."

Lorine amenijia machozi yakimlengalenga. "Baba, wameelewa. Wameelewa!"

Lori la Fabian limesimama ng'ambo ya barabara. Nilidhani amekuja kushindwa hadharani. Anashusha jerikeni, za buluu na za njano. Watu wanatoka kwenye foleni yetu, wananunua kwake, wanarudi kwetu. Nikajiambia ni wivu wa kibiashara. Amenipungia mkono.

Sasa ni Mama Nelima. Amefika mbele. Amekunywa. Ameomba tena, amekunywa. Ameinua kile kile chungu cha kadiri, amekigonga. Ngiiii! Lorine ameacha kuchota. Mama Agneta amesimama kutoka kwenye benchi — mara ya kwanza leo.

"Ni wewe ulitengeneza hii?" Mama Nelima anamwuliza.

"Ni mimi."

"Na hii shingo, kwa nini umeifanya nyembamba?"

"Nzi waone haya kuingia."

Wakacheka wote wawili. Wakaongea! Kuhusu udongo, magoti, wakwe. Foleni inalia nyuma, wao wanaongea. Kisha Mama Agneta akafungua mkoba wake, akatoa kifuniko kidogo cha udongo, akakiweka juu ya chungu. Kikakaa sawasawa, kana kwamba kilizaliwa hapo. Bei haijaguswa. Nyongeza imetoka kwake mwenyewe, kwa mkono wake. Lorine hakukataa.

Mama Nelima ametia mkono kifuani, pale anapoweka pesa. Mkono uko huko.

Anamgeukia Lorine. Anauliza hiki akikichukua, atajaziwa hapa hapa kabla hajaondoka?

Nikamuuliza kwa lugha ya nyumbani kwani leo kuna nini, foleni yote hii. Akanishangaa, mkono bado uko kifuani. Akaniuliza nililala wapi.

Nyalenda yote haina maji tangu jana jioni.